Niliiga Mibonyezo ya Mama Mkwe

Sehemu ya sita

Mliokuwa nami wiki iliyopita mtakumbuka niliishia mlangoni kwa bosi, mkono kwenye kitasa, masikio yakiwa yamesikia yasiyoyahusu. Kwa mliokosa gazeti, niwape kwa ufupi, maana aibu yangu haipungui hata nikiisimulia mara mbili.

Mimi ni kijana niliyefukuzwa kazi nne ndani ya miaka miwili. Mchumba wangu ni mwalimu wa hesabu na anapenda mambo yenye jibu moja, kwa hiyo aliniwekea sharti: nikae kwenye kiti kimoja miezi sita mfululizo, ndipo tuzungumze tarehe ya harusi. Kazi ya tano niliipata kwa mgongo wa mama yake. Mama alikuwa mkaguzi wa programu katika kampuni ndogo ya ghorofa ya pili, akanisemea kwa bosi, nikapewa kiti cha pili cha ukaguzi, meza ikitazamana na yake.

Ofisini hakuna aliyemwita kwa jina. Wote walimwita Mama Jicho, kwa sababu kosa likipita mbele yake haliendi mbali.

Jumatatu ile nilisikia bosi akisema kwenye simu kwamba wenye kampuni wanataka kiti kimoja tu cha ukaguzi kuanzia Ijumaa saa kumi jioni. Roboti niliyoambiwa niitengeneze ilikuwa ya kukalia kiti cha Mama Jicho. Ikifaulu, namfukuzisha kazi mama wa mchumba wangu. Ikishindwa, naondoka mimi, zikiwa zimebaki siku tisa miezi sita itimie.

Nikafungua mlango, maana kukimbia ningeonekana.

Bosi tulimwita Karatasi. Kampuni yetu inatengeneza programu za kompyuta, lakini yeye haamini kitu mpaka kichapwe, kisainiwe na kigongwe muhuri. Kwake lililosainiwa limesainiwa, hata kama aliyesaini alikuwa na homa.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Nimesikia, bosi."

"Basi umenipunguzia kazi ya kueleza."

Akaniambia Ijumaa saa nne asubuhi atakuja mwenyekiti wa chama cha watu wenye uoni hafifu, na nitaionyesha roboti mbele yake. Akaniambia pia nisimwambie Mama Jicho neno, barua yake ataipata siku hiyo hiyo. Nikaitikia ndiyo. Mimi ni hodari sana wa kuitikia ndiyo, na hasara zangu nyingi zimeanzia hapo.

Niwaeleze hiyo roboti, msije mkadhani ni mtu wa chuma. Tuna programu ndogo iitwayo Miwani. Haifanyi kazi peke yake. Inajishikiza kwenye kivinjari, yaani ile programu unayofungulia kurasa za mtandao. Ukibonyeza picha ya miwani iliyo juu pembeni, herufi za ukurasa zinakuwa kubwa, matangazo yanaondoka, na sauti inakusomea. Ukibonyeza tena, mambo yanarudi kama yalivyokuwa.

Shida ni kwamba vivinjari viko vingi na kila kimoja kina tabia zake. Sisi tulishughulika na vitatu, na kwa jinsi vilivyonisumbua niliviita Kifungua Mimba, wa Kati na Kitinda Mimba. Anachokula mkubwa, mdogo anakisusia. Kila tulipobadilisha neno moja ndani ya Miwani, Mama Jicho alifungua vivinjari vyote vitatu, akapita kurasa arobaini kwenye kila kimoja, akibonyeza na kutazama kwa macho yake. Ilikuwa kazi ya siku mbili. Roboti yangu ilikuwa orodha ya maagizo ya kufanya hayo hayo yenyewe kwa dakika kumi na mbili, ikiweka alama ya kijani palipo salama na nyekundu palipo na kosa.

Ili niifundishe kazi ya Mama Jicho, ilinibidi nimtazame Mama Jicho akifanya kazi. Hapo ndipo adabu iliponiponza.

Nyie mnajua mama mkwe ni mtu wa namna gani. Humkodolei macho, humsogelei bega kwa bega, na humuulizi maswali kama askari. Niliweka kiti changu vigae vitatu nyuma ya kiti chake. Mama akageuka.

"Baba, huko utaona nini? Sogea."

"Naona, mama."

Nilichokuwa nikiona vizuri ni kisogo chake. Kioo cha kompyuta nilikiona nusu, lakini vidole vyake niliviona vyote, na nikaandika kila vilichofanya. Anafungua ukurasa. Anapeleka mshale kwenye miwani. Anabonyeza, anabonyeza. Anatazama. Anapeleka mshale kwenye kichwa cha habari. Anabonyeza, anabonyeza.

Kila mahali alibonyeza mara mbili. Hata palipohitaji mara moja, yeye mara mbili.

Nilijiuliza kwa nini. Nikasema moyoni, huyu ana miaka kumi na tisa katika kazi, hii lazima ni siri ya ufundi. Kumuuliza mama mkwe "mbona unafanya hivi" nilihisi ni sawa na kumwambia anakosea. Nikaandika kwenye daftari, kwa herufi kubwa, MARA MBILI, nikapigia mstari chini.

Yeye hakuwa na habari na mstari wangu. Saa nne alinimiminia chai kutoka kwenye chupa yake, akaniuliza kama kiti kinaniumiza mgongo. Nilimeza ile chai nikajiona mwizi aliyekaribishwa sebuleni.

Jumanne nikaanza kuiandika roboti. Kila asubuhi mchumba wangu alikuwa akinitumia ujumbe wenye tarakimu moja tu. Jumatatu ilikuwa tisa, siku ile ikawa nane. Hakuongeza salamu, maana kwake jibu sahihi halihitaji maelezo.

Siku ya kwanza roboti ilipita kurasa zote mia moja na ishirini kwa furaha kubwa, kisha nikagundua kuwa Miwani haikuwemo ndani ya vivinjari. Roboti inapofungua kivinjari, kinakuja kama mtoto aliyezaliwa leo, hakina kumbukumbu wala nguo. Lazima umvishe Miwani wewe mwenyewe, kila mara. Na kila mmoja wa wale ndugu watatu anataka kuvishwa kwa namna yake. Kifungua Mimba alikubali haraka. Wa Kati alitaka Miwani ifungwe upya kwenye kifurushi chake mwenyewe. Kitinda Mimba alikataa kabisa kuivaa akifunguliwa kimyakimya bila dirisha la kuonekana. Ilibidi nimfungulie dirisha zima kwenye kioo kama mgeni rasmi.

Jumatano ilikuwa siku ya kuipa macho. Roboti haijui herufi kubwa ni nzuri au mbaya. Unaipa picha ya ukurasa unavyotakiwa kuonekana, halafu kila siku inalinganisha na inachokiona. Picha zilitakiwa mia moja na ishirini. Nikiwa nimechoka, nikaona njia ya mkato: nikaiagiza roboti yenyewe ifungue kurasa, ibonyeze kama Mama Jicho, halafu ipige hizo picha za mfano. Ilipomaliza zikajipanga kwenye kioo, kila moja ndogo kama stempu. Nilizipitisha macho haraka haraka. Hakuna iliyokuwa na moto wala moshi, nikaziidhinisha zote.

Alhamisi saa tatu niliiwasha ikague Miwani mpya, ambayo Mama Jicho alikuwa hajaigusa. Alama ya kijani. Nyingine. Nyingine tena. Kifungua Mimba kijani arobaini, wa Kati kijani arobaini, Kitinda Mimba naye, mkaidi yule, kijani arobaini. Wenzangu wakaja kutazama. Bosi Karatasi akaja, akaomba nimchapie ukurasa wa matokeo, akaugonga muhuri na kuondoka nao ameukumbatia kifuani.

Nilipaswa kufurahi. Nilikwenda chooni nikanawa uso mara tatu.

Saa ya chai nilijaribu kumwambia mama. Nilisema, "Mama, kuna jambo." Akasema hata yeye ana jambo. Akanionyesha fomu ya likizo ya wiki mbili aliyokwisha kuijaza kwa ajili ya harusi yetu, akaniuliza kama nadhani wiki mbili zitatosha kupokea wageni wa pande zote. Nikamwambia zitatosha. Jambo langu nikalitafuna pamoja na mkate.

Ijumaa ujumbe ulisema tano.

Saa nne kamili mwenyekiti aliingia. Alikuwa mzee mrefu mwenye fimbo nyeupe aliyoitumia zaidi kuonyesha viti anavyovitaka. Hakuwa kipofu kabisa. Alikuwa anaona maumbo, rangi, na maneno yakiwa makubwa vya kutosha. Chini ya kwapa alibeba kompyuta yake ndogo. Alisema chama kina wanachama mia nne wanaongoja Miwani mpya, na yeye hapokei kitu kwa kusimuliwa.

Bosi akasimama mbele ya ukuta ambako matokeo ya roboti yalikuwa yanaonyeshwa, kijani tupu, mia moja na ishirini. Akaeleza kwamba sasa hakuna kosa litakalopita, kwamba jicho la mtu huchoka lakini roboti haichoki. Mama Jicho alikuwa amesimama nyuma pamoja na wengine, mikono ameikunja. Sikuthubutu kumtazama.

"Vizuri," akasema mwenyekiti. "Sasa niwekee kwenye yangu."

Nikamwekea. Kivinjari chake kilikuwa Kitinda Mimba. Mzee akapeleka mshale pembeni, pua karibu iguse kioo, akabonyeza mara moja.

Ukurasa ukatoweka. Mahali pake ikaja herufi moja, K, nyeusi, imejaa kioo kutoka juu hadi chini. Na ile sauti ya kusomea ikaanza kutamka ka, ikangoja kidogo, ikasema ka, ikaendelea hivyo bila dalili ya kuchoka, kama bosi alivyoahidi.

Mwenyekiti aliitazama kwa utulivu.

"Hii nimeiona," akasema. "Nyingine zitakuja lini?"

Mtu mmoja nyuma akakohoa kuficha kicheko. Bosi akanigeukia, akaniuliza roboti inasema nini kuhusu hali hii. Nikatazama ukutani. Nikalazimika kusema ukweli, kwamba roboti inasema ni salama.

"Kijana," mwenyekiti akasema, "uoni wangu ni hafifu, lakini hata mimi naona kuna tatizo."

Maji yalinifika shingoni. Nilifungua daftari, nikalifunga. Na hapo Mama Jicho akapita katikati ya watu, akaja mpaka kwenye meza yangu, akavuta kiti, akaketi mbele ya roboti.

"Iendeshe tena," akaniambia. "Polepole."

Nikaipunguza mwendo. Mshale ukajiendea wenyewe kwenye kioo, ukafika kwenye picha ya miwani. Ukabonyeza. Herufi zikavimba, moja ikajaza kioo. Kabla sauti haijapata nafasi ya kutamka, mshale ukabonyeza tena. Herufi zikarudi zilivyokuwa, ukurasa ukatulia, na roboti ikaweka alama ya kijani.

Roboti ilikuwa inawasha Miwani na kuizima papo hapo, halafu inakagua ukurasa usiokuwa na Miwani. Na zile picha za mfano ilizipiga yenyewe kwa njia hiyo hiyo, baada ya kuzima. Mtahiniwa ndiye aliyetunga majibu, akajisahihisha, akajipa mia kwa mia.

"Kwa nini inabonyeza mara mbili?" mama akauliza.

Ningeweza kusema lolote. Nikasema lililokuwepo.

"Ndivyo unavyobonyeza wewe, mama."

Akanitazama, kisha akatazama mkono wake mwenyewe.

"Mimi kipanya changu ni kibovu," akasema. "Mbonyezo wa kwanza haushiki. Una miezi kumi na moja haushiki."

Mwenyekiti akageuza kichwa kumtafuta bosi. Akauliza kwa upole ni kwa nini mkaguzi wa kampuni hajapewa kipanya kingine kwa miezi kumi na moja. Mama akajibu kwamba alijaza fomu. Fomu inataka saini tatu, mbili zilipatikana wiki ile ile, na ya tatu ni ya bosi. Bosi Karatasi akatazama dari kama mtu aliyeona nyufa kwa mara ya kwanza.

Mwenyekiti alisema atakaa pale mapokezi mpaka saa tisa, hana haraka, na angependa kabla hajaondoka ajue Miwani ina makosa mangapi. Si kwamba haina, ina mangapi. Bosi akatoka naye akimshika kiwiko, ingawa mzee hakuwa anahitaji kushikwa.

Tukabaki mimi na mama na ile sauti ya ka. Nikaizima.

"Nilikuwa nimekaa mbele yako siku nzima," akasema. "Ulishindwa kuniuliza?"

"Niliogopa, mama. Niliona ni kukukosea adabu."

"Kuuliza si ujinga, wala si kukosa adabu. Ungeniuliza ningejua unamtazama mtu. Wewe ulinitazama kama ile roboti ilivyotazama picha zako."

Nikaomba radhi. Sikuwa na maneno mengi, na yale machache yalitoka yamechubuka. Nikaona bora nimalizie kabisa, nikamwambia kwamba roboti yenyewe ilikuwa ya kukaa kwenye kiti chake, na kwamba nilijua tangu Jumatatu.

"Hata mimi najua tangu Jumatatu," akasema. "Ule mlango wa bosi ni wa mbao nyepesi. Nilikuwa nimesimama nyuma yako, wewe hukugeuka."

Wasomaji, kuna aina ya aibu inayoanzia masikioni ikashuka. Mwanamke yule alinimiminia chai siku nne akijua ninachokifanya. Alinionyesha fomu ya likizo akijua. Nilitamani sakafu ifunguke, lakini ghorofa ya kwanza ni ofisi ya mawakili, ningeangukia pabaya zaidi.

"Haya, andika," akasema. "Mzee anangoja."

Akaanza kunitajia, bila karatasi, yale aliyoyaweka kichwani kwa miaka kumi na tisa. Bonyeza mara moja, ngoja, tazama. Bonyeza kabla ukurasa haujamaliza kufunguka. Bonyeza mtu akiwa amejaza nusu ya fomu, uone kama maandishi yake yanapotea. Fungua kurasa mbili, washa kwenye huu, uone kama na ule umewaka. Nilimuuliza kila kitu safari hii. Niliuliza mpaka akaniambia sasa umezidisha.

Nilimuuliza pia nani anabonyeza mara tatu kwa mfululizo, maana hilo nalo alilitaja.

"Mtu wa miaka sabini habonyezi kama yule wa kwenye tangazo," akasema. "Mkono unatetemeka. Anabonyeza pembeni. Akiona halitokei jambo, anabonyeza mara tatu kwa hasira, na hasira ni haki yake. Iandike."

Nikaiandika. Zile picha za mfano tukazifuta zote, tukapiga upya, na mara hii yeye alikaa akazitazama moja moja zikiwa kubwa kioo kizima. Zenye kasoro akazikataa. Saa nane na nusu tukaiwasha roboti.

Nyekundu. Kijani. Nyekundu. Nyekundu. Kitinda Mimba alikuwa na makosa kumi na tisa, wa Kati kumi, na Kifungua Mimba, yule mtiifu, alikuwa na mawili ambayo hata mama hakuyatarajia. Jumla thelathini na moja. Nilifurahia rangi nyekundu siku ile kuliko nilivyofurahia cheti changu cha shule. Mama akanigonga begani kwa kiganja. Alikuwa hajawahi kunigusa kabla ya hapo.

Mwenyekiti alisomewa orodha nzima akiwa mapokezi. Akasema sasa ndiyo ameanza kuwaamini watu hawa, akatoa muda mpaka Jumatatu mchana makosa yawe yamezibwa, akaondoka na kompyuta yake.

Nilidhani tumepona. Saa tisa na nusu bosi aliingia na karatasi mbili, akaziweka mezani, moja mbele ya mama, moja mbele yangu. Zilikuwa zimechapwa kwa maneno yale yale: nimekubali kwa hiari yangu kuacha kazi kuanzia leo. Chini palikuwa na mstari wa saini.

Akasema wenye kampuni hawajabadili mawazo, kiti ni kimoja. Akasema anatuheshimu wote wawili, na kwa kuwa tunakaribia kuwa familia moja, hapendi kuingilia mambo ya ndani.

"Zungumzeni wenyewe," akasema. "Saa kumi nikute moja imesainiwa."

Akatoka upesi kama mtu aliyeacha sufuria motoni.

Tukakaa. Mimi sikuweza kusema "baki wewe," maana ningeonekana namfanyia hisani mtu mzima aliyeniingiza kazini. Yeye sijui alishindwa kusema nini. Roboti ilikuwa bado inarudia majaribio kwenye kompyuta ya chumba cha pili, na ile sauti ya kusomea ilikuwa ikisikika ikisoma habari za hali ya hewa kwa vivinjari vitatu kwa pamoja.

"Nenda kazime kile kitu," mama akasema. "Kinanichanganya."

Nilipoinuka nilichukua karatasi yangu nikaikunja mfukoni. Sidhani aliona. Kwenye chumba cha pili nilizima sauti, nikaiweka ile karatasi juu ya boksi la nyaya, nikaitazama. Nilifikiria siku tano. Nilifikiria uso wa mchumba wangu akifuta hesabu ya miezi sita na kuanza upya kwenye moja. Ukweli niliogopa sana. Lakini kazi nyingine ningepata, nimeshazipata tano. Mama mwingine wa mchumba wangu nisingempata popote. Nikasaini.

Sikutaka nijipe nafasi ya kughairi. Badala ya kurudi kwa mama nilipitia mlango wa nyuma, nikamkuta bosi kwenye korido amesimama na muhuri wake mkononi, nikampa.

Akaisoma. Akaisoma tena. Uso wake ukawa kama wa mtu aliyehesabu watoto akakuta wamezidi.

"Na wewe?" akasema.

"Na mimi vipi, bosi?"

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa karatasi nyingine iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa na saini ya mama, na juu ya saini muhuri, wino haujakauka. Mama alikuwa amempelekea dakika moja kabla, mara tu nilipogeuza mgongo kwenda kuzima ile sauti.

Nikamwomba anirudishie yangu. Nilimwomba kwa adabu, kisha kwa haraka, kisha kwa kuivuta. Akaishikilia.

"Lililosainiwa limesainiwa," akasema, lakini safari hii alisema kama mtu anayejihukumu mwenyewe. Akakaa juu ya boksi la karatasi za kuchapia. "Makosa thelathini na moja. Jumatatu mchana. Hiyo roboti yenu inajua kuziba?"

"Inajua kulalamika tu, bosi."

Mwishowe akaitazama karatasi yangu isiyo na muhuri ikiwa kando ya ile yenye muhuri, na nadhani ilimuuma kuona hazilingani. Akagonga.

Nilimkuta mama kwenye ngazi za nje, ameketi, mkoba magotini, anatazama magari. Aliponiona akatabasamu, tabasamu la mtu aliyemaliza jambo vizuri.

"Umebaki," akasema. "Sasa kaa hapo utulie, mwanangu. Usiwe mtu wa kuhamahama."

"Nimesaini, mama."

"Umesaini nini?"

"Yangu. Nimempa bosi, kagonga."

Tabasamu lilimtoka polepole. Akanitazama kuanzia viatuni hadi usoni, mara mbili.

"Mjinga wewe," akasema kwa sauti ya chini, na sijawahi kutukanwa kwa upendo kiasi kile. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta, nami nikacheka, walinzi wa jengo wakatutazama. Tulipomaliza kucheka hatukuwa na la kufanya.

Akafuta macho kwa kiganja. Akasema tatizo si kazi, yeye atapumzika na mimi nitatafuta. Tatizo ni binti yake. Siku niliyoanza kazi, binti yake alimwapisha kwamba atanichunga nisifukuzwe mpaka miezi sita iishe. Sasa sharti langu limevunjika na kiapo chake kimevunjika, vyote saa kumi ile ile.

"Nani atamwambia?" akauliza.

Kabla sijajibu, simu yake ikalia. Alikuwa binti yake. Mama akaitazama simu ikilia kiganjani mwake, kisha akaniwekea mimi mkononi, akanifunga vidole juu yake. Akasema mume mtarajiwa ni mimi, si yeye.

Nikapokea, nikaiweka sikioni. Kabla sijapata sauti, mchumba wangu akaanza kusema kwa haraka, akidhani anazungumza na mama yake.

"Mama, usimwambie kwanza. Nimechoka kuhesabu. Hizo siku tano nimemsamehe, nampenda hivyo hivyo alivyo. Leo nimewaambia wajomba waweke tarehe, na wamekubali, lakini wana ombi moja. Wanasema Jumatatu asubuhi watafika hapo ofisini kwenu wote watano, wamwone mkwe wao kwa macho yao akiwa kazini, na wewe uwe umekaa pembeni yake."

Nikamtazama mama. Alikuwa ananisoma usoni, ananiuliza kwa mkono anasema nini.

"Mama?" ikasema simu. "Mbona husemi?"